Mwenye Jina Bado Anakunywa Chai

Ninyi vijana mnaopata watoto siku hizi, nawaona. Mimba haijaanza kuonekana na jina limeshaandikwa kwenye keki. Wiki jana mtoto wa jirani yangu hapa Magwagwa alinijia na simu mkononi, mke wake akiwa karibu kujifungua, akaniuliza, "Sista, Moraa ukiiwekea H mwishoni si inakaa poa?"

Nikamwuliza hiyo H itafanya kazi gani.

Akafikiri sana. "Inaipea tu ladha, Sista."

Nikamwambia ladha ni ya mchuzi, jina ni la mtu, kisha nikamwuliza Moraa huyo aliyekuwa na jina hilo kabla ya mtoto wake alikuwa nani. Hakujua. Alikuwa amelipenda tu. Nikamwekea kiti, nikamsimulia habari ya wodi moja na bibi mmoja wa Nyamarambe, na alipoondoka nikaona afadhali niiandike, maana atakuja mwingine na H yake kesho.

Nilifanya kazi ya ukunga mpaka nikastaafu, sehemu kubwa katika wodi ya uzazi ya kituo kidogo cha afya upande wa Itumbe. Wengi wa akina mama waliokuja kwetu walikuwa na vidole vyeusi kwa utomvu wa majani chai, na baadhi waliacha kikapu shambani wakidhani watarudi kukichukua jioni. Watu hudhani kazi ya mkunga huisha mtoto akilia. Mtoto akishalia, ndipo watu wazima nao wanapoanza, na kilio chao ni cha jina.

Sisi ndio tuliojaza karatasi ya kwanza, ile inayompeleka mtoto serikalini. Cheti cha kuzaliwa kinaifuata, shule inakifuata cheti, kitambulisho kinaifuata shule. Ukiteleza pale juu, mtu anateleza nawe maisha yake yote. Namjua kijana anayeitwa Nyang'au ambaye kile kikoma kidogo juu ya jina lake kiko kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha shule hakipo. Alipopata kazi ilibidi aende kuapa. Alikuja kunionyesha karatasi yenye muhuri. "Sista," akasema, "nimeapa mbele ya wakili kwamba mimi ni mimi."

Aliyenifundisha kazi ni Matroni Rael, mwanamke mfupi ambaye hata madaktari walijipanga vizuri wakisikia viatu vyake. Aliniambia nisiulize jina kabla mama hajanywa uji. "Mama mwenye njaa atakubali jina lolote ili watu watoke," alisema. "Kesho akishiba anakuja kukulaumu wewe." Akaniambia pia niandike kwa kalamu ya risasi mpaka siku mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani, ndipo nipitishe wino. Nilimwuliza kwa nini, nikiwa bado mgeni na mwenye haraka. Akanijibu, "Kwa sababu nyanya wa pili bado yuko njiani."

Na kweli, nyanya wa pili huwa yuko njiani.

Jambo lake la mwisho ndilo lililonisaidia kuliko yote. Usimwulize mzazi herufi kwanza. Mwulize mwenye jina alikuwa nani, na aliandikaje mwenyewe. Kwetu sisi, kama mmesahau huko Nairobi, mtoto huitwa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Jina la mtu aliye hai hatumpi mtoto. Ni kama kumpimia sanduku angali anatembea. Na mtoto akishaitwa, anakuwa yule mtu. Ukimpa binti yako jina la marehemu mama yako, utamwita mama, hata ukiwa unambadilisha nepi. Nimemwona askari mkubwa wa polisi akimbembeleza mtoto wa siku mbili, "Pole mama, pole mama yangu," na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo tahajia si urembo. Wazee wetu wengi waliandikiwa majina na watu mbalimbali: huyu na padri, yule na mwalimu wa Sabato, mwingine na karani ambaye masikio yake yalikuwa ya kabila jingine. Tulikuwa na mwenzetu mmoja kutoka Pwani, Kiswahili chake kitamu mpaka wagonjwa walisahau maumivu, lakini mtoto akiitwa Nyaboke yeye aliandika Nyamboka, na ukimsahihisha alisema, "Dada, mimi nimeandika nilivyopendezewa." Jina moja likatoka na sura tatu, na kila sura ikawa na marehemu wake.

Sasa twende kwa Gesare.

Gesare alikuwa msichana mpole, mchuna majani chai, na yule alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Evans, alifanya kazi ya zamu kiwandani, akaja wodini na usingizi machoni. Mama mkwe wa Gesare aliitwa Yunuke, mjane, mwimbaji mkubwa kanisani, na aliingia na chupa ya uji wa wimbi kwapani kama anakuja kuongoza kwaya. Mtoto alikuwa wa kike, mnene, mwenye hasira.

"Hapa tumempata Kwamboka," akasema Yunuke kabla hajaketi.

Gesare akainua kichwa kwenye mto. "Mama, hata mimi nilikuwa nataka Kwamboka."

Sijawahi kuona nyumba mbili zikikubaliana haraka namna ile. Yunuke akapiga vigelegele. Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa na uchungu na hakujua sababu, akajibu vigelegele. Evans akapiga makofi. Jina lenyewe ni la kuvuka. Wa kwanza kuitwa hivyo bila shaka alizaliwa mama yake akivuka mto, na mimi nikafikiri, leo nimevuka salama. Gesare akanywa uji wote. Nikachukua karatasi na kalamu yangu ya risasi.

"Kwamboka wenu anaandikwaje?" nikauliza.

"Kwa U," akasema Yunuke.

"Kwa W," akasema Gesare.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana.

"W ya nani?" Yunuke akauliza.

"Ya mama yangu."

"Mama yako alikuwa Kwamboka?"

"Mama, si ulikuja kwenye mazishi?"

"Nilikuja. Nilipika hata. Lakini kila mtu alikuwa anasema Mama Gesare, Mama Gesare. Ningejua namna gani?"

Hapo ikajulikana kwamba hawakuwa wamekubaliana jina hata kidogo. Yunuke alikuwa akimtaja mtu mwingine kabisa: Kuamboka wa Nyamarambe, shangazi wa marehemu mume wake, aliyemlea mume huyo tangu akiwa mdogo, akampeleka shule, akamfundisha hata kufunga viatu. Mwanamke huyo aliolewa Nyamarambe, na huko mwalimu wa ubatizo alimwandika kwa U, na U ile aliipenda mpaka aliidarizi kwenye vitambaa vya viti.

"Bila yeye Evans hangekuwa na baba," Yunuke akaniambia. "Alizikwa mwaka ule wa mvua nyingi."

"Ulienda kumzika?"

"Daraja lilikuwa limebebwa na maji, Sista. Na baadaye majani yakawa mengi shambani. Unajua mambo."

Nilijua mambo.

Evans, ambaye alikuwa amekaa katikati ya mama na mke kama mtu aliyeketi kwenye miiba, akapata wazo. "Si tuweke zote? K, W, U, halafu amboka."

Tulimtazama wote watatu. Hata mtoto alifumbua macho.

"Evans," mama yake akasema, "nenda ununue maziwa."

Alipotoka, Yunuke akaketi kitandani akamshika Gesare mguu, kwa upendo kabisa, maana hakuwa mtu mbaya. "Binti yangu, unajua utaratibu. Wa kwanza ni wa nyumba ya baba. Mama yako tutamwita kwa wa pili. Si atangoja? Alikuwa mtu wa kungoja."

Gesare akasema, "Sawa, mama," na akageukia ukutani.

Nikaandika kwa U. Evans alirudi na maziwa, akaambiwa imekuwa U, akatoka tena na simu kuwapa Nyamarambe habari njema. Alirudi akitabasamu. "Nimempata binamu yangu," akasema. "Nimemwambia Nyanya Kuamboka amezaliwa tena kwetu. Amecheka, amecheka, mpaka simu ikakatika. Wamefurahi sana."

Walipokwenda, nilirudi kumpima Gesare joto, nikakuta mto umelowa.

"Sista," akaniambia, "huyu mama mkwe ananipenda, sisemi vingine. Lakini tangu tumzike wangu, nikisema mama huwa namwita wa mwenzangu. Nilitaka nipate mtu wa kumwita mama nikimaanisha yule wangu mwenyewe. Basi."

Jina la mtoto si la mkunga. Nilimwambia tu kwamba karatasi bado ni ya risasi, na kwamba nimeona mengi yakibadilika usiku mmoja. Nilisema hivyo kumliwaza. Sikuwa najua lolote.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni nikipokea zamu. Pikipiki ikasimama, na juu yake bibi mmoja mzee, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, kikapu cha ndizi mapajani. Alishuka bila kusaidiwa, akamkemea mwenye pikipiki kwa kukata kona vibaya, akaja moja kwa moja kwangu.

"Bwakire," akanisalimu. "Nimekuja kumwona marehemu."

"Magokoro," nikasema, kwa sababu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa lugha yetu, "hapa ni uzazi. Chumba cha maiti hatuna."

"Marehemu ni mimi," akasema. "Mimi ni Kuamboka wa Nyamarambe. Jana nimeambiwa nilikufa kitambo, kisha nimezaliwa upya huku Itumbe. Nataka kujiona."

Nikampeleka. Ningefanya nini?

Yunuke alikuwa anamimina uji. Aliinua macho, akaona, na akaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, uji ukamwagika kwenye meza, ukashuka kwenye kiatu cha Evans, na Evans hakusogeza mguu.

"Yunuke," akasema bibi, "mlinizika lini?"

"Magokoro... sisi tuliambiwa nyanya wa boma lile amezikwa."

"Aliyezikwa ni mke mwenzangu. Mlidhani boma lile lina nyanya mmoja?"

"Daraja lilikuwa limebebwa na maji."

"Likajengwa. Nimelipita leo, ni zuri, lina vyuma."

"Tuliwaombea wafiwa," Yunuke akasema. "Sabato ile kanisa zima lilisimama."

"Mfiwa nilikuwa mimi. Ndiyo maana mgongo uliacha kuniuma mwaka ule. Asanteni." Akamgeukia Evans. "Na wewe ndiye uliyepiga simu. Mjukuu wangu amenipa simu nikasikia sauti yako ikisema nimekufa, nikataka kukujibu, lakini yule mjinga alikuwa anacheka mpaka akaiangusha kwenye karai la maji."

Mwanamke wa kitanda cha pili, ambaye sasa alikuwa na mtoto wake, alijifunika shuka usoni. Shuka lilikuwa likitikisika.

Bibi akaweka kikapu chini, akamwendea mtoto, akamtazama kwa muda. Alipogeuka, ule utani ulikuwa umeisha.

"Mmempa huyu jina langu, na mimi bado nakunywa chai," akasema. "Mnanisukuma kaburini?"

Yunuke aliketi kitandani akaanza kulia kwa aibu, mwanamke yule mkubwa mwenye sauti ya kujaza kanisa.

"Si kwa ubaya, Magokoro. Ulimlea mume wangu. Tulitaka usipotee."

"Anayetaka nisipotee huja kunisalimia."

Hapo hata mimi nilitazama viatu vyangu, maana nami nilikuwa na shangazi wa upande huo ambaye sikuwa nimemwona siku nyingi.

Bibi akamgeukia Gesare, ambaye alikuwa amekaa wima kitandani, macho yamevimba. "Wewe ndiye mama yake? Kwa nini unalia na mimi sijafa?"

"Silii, Magokoro."

"Unalia. Ulitaka nani?"

Gesare alimtazama Yunuke. Yunuke akaitikia kwa kichwa kumruhusu aseme.

"Mama yangu. Naye alikuwa Kwamboka."

"Alikufa?"

"Ndiyo."

"Una hakika? Maana katika nyumba hii watu hawaangalii."

"Nilimwosha kwa mikono hii, Magokoro. Nikamvisha gauni lake la kanisani."

Bibi akaikamata ile mikono, akaitazama, akaiacha taratibu. "Huyo sasa amekufa sawasawa," akasema. "Mwite huyo." Kisha kwangu, "Sista, huyo aliandikwaje?"

"Kwa W."

"Na mimi?"

"Kwa U."

"Vizuri sana. Hiyo U iacheni. Ina mwenyewe."

Nikatoa kifutio mfukoni. Nimefuta majina mengi katika kazi ile, lakini sikumbuki jingine lililofutwa huku mwenye jina amesimama juu ya bega langu akisema, "Futa vizuri, mkia wa ile U bado unaonekana." Nikaandika upya. Gesare akaomba aione karatasi, akaisoma, akaisoma tena, kisha akamwinua mtoto mpaka usoni pake.

"Mama," akamwita.

Mama akamkojolea.

Tulicheka mpaka muuguzi wa leba akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia. Yunuke naye alicheka na machozi yake yote, akamletea bibi kikombe cha uji kwa mikono miwili. Bibi alionja akasema aongezewe sukari, kwa kuwa mtu aliyefufuka huwa na njaa. Kabla ya kupanda pikipiki yake aliwaambia Yunuke na Evans, mama na mwana, "Siku yangu ikifika nyinyi mje. Lakini mfungue sanduku kwanza."

Nilipitisha wino mchana ule.

Wauguzi wa siku hizi wanaandika kwenye kompyuta, nami nilistaafu zikiwa zimeanza kuingia. Kompyuta haina kalamu ya risasi. Ninyi wakunga vijana mkiniuliza mfanyeje, nawaambia, zuieni kidole. Jazeni uzito wa mtoto, jazeni saa, jazeni kila kitu, na pale kwenye jina mngoje mama anywe uji. Na ninyi wazazi, kabla hamjabishana kuhusu H na W na A mbili, tafuteni kitambulisho cha mwenye jina, au cheti chake cha ubatizo, mwone yeye mwenyewe alijiandikaje. Msipoviona, nendeni nyumbani kwake mkaulize. Mnaweza kumkuta.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Magwagwa nachagua ndizi za kupika. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikapaza, "Mama! Toa hicho mdomoni mwa Magokoro!"

Watu kadhaa waligeuka kutafuta bibi mgonjwa. Mimi niligeuka kwa sababu niliijua sauti. Alikuwa Gesare, amenenepa kidogo, gunia la mahindi miguuni. Msichana mmoja, mwenye sare ya shule, alikuwa amemwinamia mdogo wake akimchokoa kipande cha muwa mdomoni, na yule mdogo alikuwa anamng'ata.

Tulisalimiana kwa kelele. Nikamwuliza, "Huyu wa pili naye?"

"Kuamboka, Sista. Alituacha mwaka juzi, shambani kwake, jembe mkononi. Yunuke alikuwa huko wiki hiyo hiyo. Miaka ile yote alikuwa anakwenda kila mwezi, anampelekea sukari."

"Pole. Mkamwandika?"

"Kwa U." Akatabasamu, macho yakiwa na maji. "Mwalimu wa huyu mkubwa ameniambia nirekebishe, eti haiwezekani ndugu wawili wawe na jina moja na herufi mbili. Nikamwambia, mwalimu, hawa ni watu wawili, na wote nawajua."

"Na sanduku?"

"Yunuke mwenyewe ndiye aliyelifungua, mbele ya mchungaji. Akatazama, akalia, akasema, ndiye. Ndipo tukaendelea."

Lori la ndizi lilikuwa linarudi nyuma kuelekea barabarani, likipiga honi. Gesare akajitwika gunia lake, akatazama kulia na kushoto, akawaita tena kwa sauti ile ile iliyowageuza watu mwanzo.

"Mama, mshike Magokoro mkono. Tunavuka."

Msichana wa sare akamshika mdogo wake mkono, na yule mdogo akaja akiburuzika, viatu vimebadilishana miguu.